Nani anamlisha nani? Hesabu ya wazee wetu tunayoikimbia

Mtaa tunaoishi sisi hauna wazee. Unaitwa Dubai Silicon Oasis, uko pembezoni mwa jiji la Dubai upande wa barabara iendayo Al Ain, na ulianzishwa miaka ya 2000 uwe eneo huru la makampuni ya teknolojia. Una maofisi ya vioo, majengo ya fleti, chuo kikuu, hospitali, maduka na bustani. Jioni utawaona wanafunzi, wahandisi, walinzi wanaobadilishana zamu, na vijana wa pikipiki wanaopeleka vyakula majumbani. Watu wa kila taifa wapo. Lakini ukitaka kumuona mtu mwenye mvi na mkongojo, itabidi ukae kwenye benchi usubiri.

Sababu yake inajulikana. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu takriban watu tisa katika kila kumi ni wageni, na ukaazi wa wengi wao umefungwa kwenye ajira yao au ya jamaa aliyewadhamini. Kazi ikimalizika, viza inafutwa, na muhula wa kufunga virago unaanza kuhesabiwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huku mgeni hupewa jembe siku ile ile anayotua, na jembe likimshinda hurejeshwa kwao. Hatusemi haya kwa kulaumu. Nchi hii imetupokea wakati ambapo kwetu hapakukalika, na masharti yake tuliyajua tangu mwanzo. Tunasema ili msomaji afahamu kwamba uzeeni mwa mfanyakazi wa Dubai pako mahali pengine: Kerala, Peshawar, Manila, Mombasa, Wete.

Hata hivyo, wazee wachache tunawaona asubuhi bustanini, wakisukuma vigari vya watoto wachanga. Wengi ni mababu na mabibi kutoka India na Pakistani waliokuja kwa viza ya matembezi. Mkwe amejifungua na likizo yake imekwisha, chekechea ni ghali, basi bibi ameitwa akae miezi miwili, kisha atakuja bibi wa upande wa pili. Kwenye karatasi za uhamiaji hawa ni watalii. Kwa hakika ni wafanyakazi, na laiti wangegoma wiki moja tu, baadhi ya maofisi haya ya vioo yangekuwa na viti vitupu.

Picha hii ya mtalii anayefanya kazi ndiyo iliyotupeleka kwenye mada yetu ya leo. Dunia inazeeka. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa bilioni 1 mwaka 2020, na watafika bilioni 2.1 mwaka 2050, wengi wao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tanzania bado ni nchi ya vijana, lakini sensa ya mwaka 2022 ilionesha kuwa kati ya watu milioni 61.7, wazee ni kiasi cha milioni tatu na nusu. Kila wanapotajwa watu hawa katika hotuba na bajeti, huwekwa kwenye fungu moja: tegemezi. Neno hilo limezoeleka mpaka wazee wenyewe wanalitumia. Sisi tunadai kwamba ni neno la uongo, na ushahidi wetu wa kwanza tunautoa nyumbani kwetu wenyewe.

Mama yetu yuko Pemba. Ana miaka 71. Tangu tulipoondoka nchini, yeye ndiye anayewalea watoto wetu wawili pamoja na mtoto wa dada yetu, ambaye mama yake anafanya kazi ya hoteli Unguja na huonekana kijijini siku za sikukuu. Kila mwezi tunampelekea mama dirhamu 800. Kwa miaka mingi tulijihesabu kuwa ndio walishaji wa nyumba ile. Tukipiga simu tulizungumza kwa sauti ya mlishaji: fedha zimefika? mmenunua nini? mbona zimekwisha mapema?

Mwaka juzi mama aliteleza penye kisima akaumia nyonga. Alilala miezi mitatu. Hatukuweza kwenda kumuuguza, na msomaji anayefahamu kwa nini tuko huku hatatuuliza kwa nini. Tulichoweza ni kutuma fedha za kuziba mapengo, na hapo ndipo mapengo yalipoanza kujitokeza moja baada ya jingine. Ilibidi tumlipe msichana wa kupika na kufua. Ilibidi tumlipe jirani awaamshe watoto, awapeleke skuli na chuoni, na alale nao usiku. Ilibidi tumtafute mtu wa kulinda shamba, maana mikarafuu ilikuwa imeanza kuzaa na wezi wa karafuu hawana huruma kwa mgonjwa. Msimu ulipofika ilibidi tuwalipe watu wa kuchambua karafuu kutoka kwenye makonyo na kuzianika, kazi ambayo mama huifanya mwenyewe usiku na mchana akiwa na wajukuu wake jamvini. Ng'ombe alikosa wa kumkatia majani akauzwa kwa bei ya hasara.

Tulipojumlisha, mapengo yale yalitugharimu dirhamu 1,450 kwa mwezi. Fedha hizo hazikuwa za chakula wala dawa. Zilikuwa ni mishahara ya watu wanne wa kufanya, tena kwa kulipua, kazi ambayo bibi mmoja wa miaka 70 alikuwa akiifanya bila kulipwa. Ndipo tulipoelewa. Tulikuwa tukituma 800, tukipokea huduma ya 1,450, na juu yake tukitaka tushukuriwe. Mwenye kupokea msaada katika nyumba ile alikuwa ni sisi.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya familia moja. Basi na atazame karibu naye. Fedha ambazo Wakenya wa ughaibuni walizipeleka nyumbani mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5, na Benki Kuu ya Kenya inazihesabu kila mwezi kwa makini. Sasa tuulize: ni wangapi katika hao waliozituma wangeweza kupanda ndege kama pasingekuwa na bibi wa kumwachia mtoto? Yaya anayelea watoto wa watu Riyadh, muuguzi wa Manchester, dereva wa Doha, mlinzi wa hapa Dubai: nyuma ya wengi wao yuko mzee aliyesema "nenda mwanangu, mimi nitakaa nao". Dola ile imeandikwa kwa jina la kijana mmoja, lakini imetafutwa na watu wawili.

Mfano mkubwa zaidi uko Kagera. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania waligunduliwa katika mkoa huo, na katika miaka iliyofuata ugonjwa ulifyeka watu wa umri wa kufanya kazi, wale hasa ambao wataalamu wa uchumi huwaita nguvu kazi. Waliobaki migombani walikuwa ni watoto na mabibi. Hapakuwa na mpango wa serikali wala wa wafadhili ambao ungeweza kuwalea mayatima wale wote. Waliwalea mabibi, kwa majembe ya mkono na migomba iliyozeeka. Kizazi cha watu wa Kagera ambao leo ni walimu, wafanyabiashara na maofisa kimo humo ndani.

Huko huko Kagera, katika wilaya ya Muleba, mradi unaoitwa Kwa Wazee ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuwapa wazee wanaolea wajukuu kiasi kidogo cha fedha taslimu kila mwezi. Wapinzani wa mawazo ya aina hiyo husema mzee ukimpa fedha atainywea pombe. Mwaka 2008 ilichapishwa ripoti ya utafiti juu ya mradi huo, na jina lake tu linatosha kuwajibu, kwani lilitaja chumvi, sabuni na viatu vya skuli. Hivyo ndivyo fedha ya mzee inavyotumika. Mama yetu naye, alipopokea pencheni yake ya kwanza kutoka serikalini, alinunua madaftari matatu na kandambili mbili. Hakuna hata moja lililokuwa lake.

Hapa inafaa tuitendee haki Zanzibar, ingawa sisi na watawala wake tuna mengi ya kusemezana. Mwezi Aprili 2016 Zanzibar ilianza kulipa Pencheni Jamii kwa kila mkaazi aliyefika umri wa miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au hakuwahi, na ikilipa kutoka mfuko wake wenyewe. Kiwango kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na chini ya serikali ya Rais Hussein Mwinyi kikapandishwa hadi 50,000. Ni fedha ndogo. Lakini siri ya jambo hilo iko katika neno "kila". Mkulima wa mwani wa Paje na mchukuzi wa bandarini Mkoani, ambao hawakuwahi kukatwa senti kwa ajili ya mfuko wowote wa hifadhi, wametambuliwa kwamba walifanya kazi. Kenya nayo, kuanzia mwaka 2018, ilipanua mpango wake wa Inua Jamii kwa watu wa miaka 70 na kuendelea, kwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Uganda inatoa shilingi zake 25,000, lakini kwa waliofika miaka 80, umri ambao Waganda wengi huusikia tu.

Ama Tanzania Bara, Sera ya Taifa ya Wazee iliandikwa mwaka 2003, na ahadi zimekuwa nyingi tangu wakati huo. Pencheni kwa kila mzee haijapatikana. Mjadala mkubwa tuliousikia ni ule wa kikokotoo cha mafao, uliowaka mwaka 2018 baada ya mifuko ya pensheni kuunganishwa, ukazimwa, na ukawaka tena. Ulikuwa mjadala wa haki kabisa kwa walimu, askari na wauguzi. Lakini ulihusu walioajiriwa rasmi, ambao ni wachache. Bibi wa Kagera hana kikokotoo. Hana hata namba ya uanachama.

Kuna hoja moja nzito dhidi yetu, na hatutaki kuipita pembeni. Vijana wanatuambia: nyinyi mnawapigania wazee, na sisi hatuna kazi. Wazee wameyakalia maofisi, wameyakalia majimbo ya uchaguzi, wameikalia ardhi. Afrika ina viongozi waliopita miaka 80 na bado wanagombea. Tunawaelewa vijana hao, na sisi wenyewe tumefukuzwa kwetu na watu ambao walipaswa kuwa wanacheza bao barazani. Lakini tuwe waadilifu katika kuhesabu. Mzee aliyeng'ang'ania kiti ana mshahara, gari, dereva na matibabu ya nje. Huyo si tegemezi wala hajawahi kuitwa hivyo. Anayeitwa tegemezi ni yule anayeamka alfajiri kuwasha moto ili mtoto wa kijana huyo huyo asiye na kazi apate uji. Kumnyima bibi shilingi elfu kadhaa kwa sababu ya hasira dhidi ya waziri ni kumwadhibu asiyekuwemo.

Wala si kweli kwamba mzee akifanya kazi basi kijana anakosa. Japani, ambako karibu watu watatu katika kila kumi wamevuka miaka 65, zaidi ya watu milioni tisa wa umri huo walikuwa katika ajira mwaka 2023. Wajapani waliliona tatizo mapema, na tangu miaka ya 1970 wakaanzisha vituo vya kuwapatia wazee kazi nyepesi za muda mfupi katika mitaa yao. Sisi hatuna haja ya kuwatafutia kazi wazee wetu. Wanayo, tena nyingi kuliko nguvu zao. Tunachotakiwa ni kukiri kwamba ni kazi. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba kazi za kulea na kutunza watu zisizolipwa hula saa bilioni 16.4 kila siku duniani, sawa na watu bilioni mbili kufanya kazi saa nane kwa siku bila ya mshahara. Sehemu kubwa ya saa hizo ni za wanawake, na katika vijiji vyetu vilivyokimbiwa na vijana, wanawake hao ni mabibi.

Tunaandika haya tukikumbuka jambo jingine. Miaka ya 2000, tulipokuwa waandishi wachanga mjini Dar es Salaam, tuliwaona wazee waliokuwa watumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani wakidai mafao yao. Hawa ndio walioendesha reli, bandari, posta na ndege zetu. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, mkataba wa kugawana mali zake ukatiwa saini mwaka 1984, na wao wakaendelea kufuatilia haki zao miongo baada ya miongo, na mafaili ya karatasi zilizogeuka manjano yakiwa kwapani. Wengi walikufa kabla ya kulipwa. Tulichukua maelezo yao, tukaandika habari, tukarudi ofisini kunywa chai. Tulikuwa vijana, na tuliwahurumia kama watu wanavyomhurumia mgeni. Haikutupitikia kwamba tulikuwa tukitazama picha zetu wenyewe.

Sasa tuna miaka zaidi ya arubaini, na picha inaanza kufanana. Huku mgeni hana pensheni ya serikali, ana malipo ya kumaliza utumishi. Sheria ya kazi ya mwaka 2021 inampa mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, na wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata, mradi jumla isizidi mishahara ya miaka miwili. Mchukue mlinzi wa jengo tunamokaa. Tuseme mshahara wake wa msingi ni dirhamu 1,500 na amefanya kazi miaka kumi. Atapata siku 255, yaani dirhamu 12,750. Ndio uzee wake wote huo. Ipo pia viza ya wastaafu ya miaka mitano kwa waliotimiza miaka 55, na kati ya njia za kuipata ni kuwa na akiba ya dirhamu milioni moja. Mlinzi anayepokea jumla ya dirhamu 2,500 kwa mwezi, akiweka zote bila kula wala kulala popote, ataifikia akiba hiyo baada ya miaka 33 na miezi minne.

Kwa hiyo atarejea kwao. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, na mimi na wewe tunajua nani yuko zizini anamsubiri: mama yake, kama bado yu hai, au watoto aliolelewa na mama huyo. Sisi tusioweza kurejea tuna tatizo kubwa zaidi, kwani zizi lenyewe limefungwa kwa kufuli. Lakini hata sisi, kama kuna atakayetukumbuka uzeeni, ni watoto waliofunzwa na bibi yao kutuita baba ilhali hawatuoni.

Basi tunapendekeza mambo matatu. La kwanza ni kwa serikali zetu. Kazi ya wazee ihesabiwe katika takwimu za taifa kama inavyohesabiwa fedha ya ughaibuni, na Tanzania Bara ifuate njia ya Zanzibar, ianze na umri wowote inaoumudu, lakini ianze na neno "kila". Mzee anayelea wajukuu asiambiwe kwamba anapewa ruzuku. Analipwa sehemu ndogo ya mshahara wake.

La pili ni kwa jumuiya zetu za huku nje. Tumezoea kuchangishana kwa ajili ya misiba, na ni jambo jema. Tukisikia mzee kafariki, fedha zinapatikana usiku mmoja. Kwa nini zisipatikane angali anatembea? Vikundi vyetu vya kuchangiana vianze kulipia matibabu ya wazazi wa wanachama, angalau macho na viungo, kwa sababu macho na viungo vya wazee hao ndivyo vitendea kazi vinavyotuweka sisi hapa.

La tatu ni kwa kila mmoja wetu. Kaa chini na kalamu, uandike kazi anazofanya mzazi wako kwa ajili yako kuanzia alfajiri mpaka usiku. Andika pembeni ungemlipa nani na kiasi gani kama asingekuwepo. Kisha itazame risiti ya fedha unazotuma.

Sisi tulipomaliza hesabu hiyo tulibadili jambo moja. Dirhamu 800 za nyumba zimebaki za nyumba, na juu yake tunatuma 200 ambazo ni za mama peke yake. Tulimwambia hazihusu madaftari wala sabuni. Mwezi wa kwanza alizirudisha kwenye matumizi ya watoto. Mwezi wa pili vile vile. Mwezi wa tatu alitutumia ujumbe wa sauti, akacheka kidogo, akasema amenunua godoro jipya, kwa sababu lile la zamani lilikuwa likimuumiza nyonga tangu siku aliyoanguka, na hakutaka kutusumbua.

Miaka miwili alilalia godoro lile. Na kila mwezi tulimuuliza mbona fedha zimekwisha mapema.